Bahasha Iliyogandishwa kwa Uji

Basi lilitambaa juu ya tope la mwisho kwa gia ndogo, likayumba, likasimama. Utingo akapiga ubavu wa basi kwa kiganja mara mbili.

"Ipogolo! Wa mjini, mji ule kule juu!"

Tulishuka watatu, viungo vikiwa vimekauka kwa safari ya siku mbili kutoka Mbeya. Chini palikuwa na mto mwembamba wenye maji ya rangi ya chai, vibanda vichache, na malori yaliyoegeshwa yakingoja mvua ipungue. Juu, kwenye ukingo wa mlima, mabati ya Iringa yalikuwa yaking'aa. Katika sisi watatu hakuna aliyewahi kuuona mji ule. Sisi wawili, tuliokuwa tukielekea Dodoma, tulikuwa na haraka ya kuuliza pa kulala. Wa tatu, mama wa makamo mwenye kitambaa cheupe kichwani, alibaki amesimama na kapu lake miguuni, akiutazama mlima kama mtu anayetazama mlango uliofungwa kwa ndani.

Aliitwa Tusekile. Habari yake aliisimulia vipande vipande, tangu Makambako tulikolala juu ya viti vya basi hadi daraja la mwisho, na kipande kilichobaki tulikuja kukiona kwa macho.

Ndani ya kapu mlikuwa na jogoo aliyefungwa miguu, chupa ya asali, na kichane cha ndizi fupi kama vidole gumba. Chini ya hivyo vyote mlikuwa na kitabu cha nyimbo, na ndani ya kitabu mlikuwa na bahasha. Bahasha ile ilikuwa imegandishwa kwa uji mzito, ukapakwa mara mbili, ukaachwa ukauke juani. Mume wake ndiye aliyeigandisha. Juu yake aliandika jina moja tu, Tekla, kisha akampa mke wake na kumwambia, "Mwenye jina afungue mwenyewe." Ndani alikuwa ameandika nini, hakusema. Katika miaka thelathini ya ndoa Tusekile hakuwahi kuona mume wake akiandika barua akimficha.

Mara mbili njiani aliitoa, akaishika dhidi ya mwanga wa dirisha. Uji ulikuwa mwingi mno, haukuonyesha kitu.

Tekla alikuwa mkamwana wake, mke wa Mika, mwanawe wa kwanza. Miezi minne iliyopita Tekla alirudi kwao Kihesa, Iringa, akiwa na mimba ya miezi saba. Alisema anakwenda kujifungulia kwa mama yake, na hilo si jambo la ajabu. Kwa mtoto wa kwanza wengi hufanya hivyo. Lakini alipoondoka alichukua jembe lake na kitabu chake cha nyimbo. Tusekile aliliona jembe lile limefungwa pamoja na mkeka, akanyamaza, na moyo wake ukajua. Mtu anayekwenda kuzaa na kurudi haondoki na jembe.

*

Mwaka ule, wa 1957, ulikuwa umeipindua nyumba yao juu chini, na karibu kila kilichopinduliwa kiliangukia upande mzuri.

Tusekile alizaliwa siku za Wajerumani huko Rungwe, chini kwenye migomba, akabatizwa akiwa msichana, akajifunza kusoma kwenye shule ya misheni. Aliolewa na Jailos, mfyatua matofali, mtu mfupi, mwembamba, mwenye sauti nene kuliko mwili wake. Kanisa lilipohitaji matofali upande wa Mbeya walihamia vilimani juu ya Mbalizi, wakabaki huko. Pale ni baridi, na migomba haipendi baridi. Tusekile alipanda mgomba mmoja nyuma ya jiko, penye joto la moshi, akaulinda na umande kwa majani makavu kama anayelea mtoto. Ndizi zake zilikuwa ndogo za kuchekesha, lakini yeye hakuzichekea. Watoto alizaa kumi na mmoja, akabaki na tisa.

Januari Mika alioa. Alikuwa amekwenda Iringa kufanya kazi ya useremala, akajiunga na kwaya huko Kihesa, akarudi na habari za msichana wa Kihehe mwenye sauti ya kwanza. Tekla aliletwa Mbeya na baba zake wadogo wawili, ndoa ikafungwa, mvua ikanyesha, wazee wakasema ni baraka. Machi mlango uligongwa mchana, na hapo akasimama Sedekia, mtoto wa tatu, aliyekwenda machimboni Afrika Kusini akakaa miaka minne bila barua. Tusekile alikuwa ameshaanza kumwombea kama wanavyoombewa waliokufa. Alimshika masikio, akamtikisa, akampiga kofi, ndipo akamkumbatia. Isakwisa, kitinda mimba, aliugua kifua mpaka wakaanza kunong'ona, kisha asubuhi moja akaomba kiazi cha kuchoma. Lusia, binti yao, alichukuliwa kusomea uuguzi. Nyumba ya nyasi ikavikwa bati, na siku ya mvua ya kwanza hakuna aliyesikia sala ya Jailos kwa kelele za juu. Yeye akaendelea kusali hivyo hivyo, midomo ikicheza.

Katika kanisa lao familia iliyotendewa mema husimama mbele, wote kwa pamoja, kila mmoja na kitu mkononi: huyu kuku, huyu mahindi, huyu wimbo tu. Mchungaji alikuwa amemuuliza Tusekile mara tatu. "Mama Mika, lini? Mungu amewatendea mengi, mbona mmekaa?"

"Bado, Mchungaji."

"Mnangoja nini?"

"Nikisimama mbele nitahesabiwa watu wangu. Nitajibu nini kwa yule asiyekuwepo? Siwezi kutoa shukrani nusu."

Mwisho walikubaliana Jumapili ya mwisho ya mwaka. Mchungaji aliandika kwenye daftari lake kwa wino, si kwa penseli. Tusekile aliuona ule wino, akapanda basi.

*

Kosa lilianzia kwenye kikohozi.

Kila nchi ina mtu wake wa kuogopwa. Kwa Wanyakyusa, mke wa mwana na baba mkwe hawatazamani. Hawasemi neno, hawapishani njiani. Mwanamke akimwona mkwewe kwa mbali huacha njia, huchuchumaa nyuma ya kichaka na kujifunika uso mpaka apite. Mwanamume naye, kwa adabu, hukohoa anapokaribia penye watu, ili mkamwana apate muda wa kutoweka. Wakristo wengi walikuwa wameulegeza mwiko huo, wengine wakiuita wa zamani. Lakini Jailos, mzee wa kanisa, alisema kwamba heshima haina dini.

Kwa Tekla mambo yalikuwa kinyume. Kwao msichana mwenye malezi hamkimbii mkwe. Humwendea, hupiga goti, humsalimu, tena haraka, asije akaonekana ana kiburi. Mzee akikohoa nje, mwenye adabu hutoka mbio, huenda ana shida.

Basi Jailos akawa anakohoa ili Tekla aende, na Tekla akawa anasikia kikohozi na kuja. Kadiri alivyokohoa ndivyo alivyofuatwa. Alibadili mtindo, akaanza kuimba nyimbo za kanisa tangu alipoiacha barabara kuu, kwa sauti ile yake nene. Majirani walidhani amejazwa Roho. Tekla alipenda sana kuimba. Alisimama mlangoni akaitikia sauti ya kwanza. Jailos aligeuka, akala chakula chake cha mchana kwa jirani.

Tusekile alicheka sana miezi ile. Aliwahi kumwambia mkamwana wake, "Mwanangu, mzee akikohoa, wewe ingia ndani." Tekla akajibu kwa mshangao wa kweli, "Mama, anakohoa vibaya hivyo halafu nimwache peke yake?" Tusekile aliahirisha kumweleza vizuri. Alifikiri wakati upo.

Mei, siku ya soko, watu wote walikuwa wameshuka Mbalizi. Jailos alikutwa kwenye shimo alilokuwa akichimbia udongo wa matofali, mguu wa kushoto umevunjika chini ya goti. Aliyemkuta ni Tekla. Hapakuwa na mwingine wa kumwita. Alishuka shimoni, akaufunga mguu kwa vibao viwili vya kufyatulia matofali na kanga yake mwenyewe, akamwinua mzee yule mwepesi, akamlaza kwenye toroli la matofali. Shimo lilikuwa na mteremko upande mmoja wa kupitishia toroli, akasukuma. Alisukuma hadi barabarani, kilomita mbili na zaidi, akapita naye katikati ya soko la Mbalizi, mbele ya wauza viazi, mbele ya kwaya nzima ya akina mama, mzee wa kanisa amelala chali na kofia imefunika uso. Dereva mmoja wa lori aliwachukua mpaka hospitali. Daktari alisema mguu umefungwa vizuri, na aliyeufunga asiogope.

Walipomuuliza Jailos imekuwaje, alisema neno moja. "Niliteleza."

Kisha akaja dada yake, Shangazi Ikupa, mwanamke mwenye ulimi uliokuwa ukifika kabla ya miguu. Alisimama uani, akasema kwa sauti ya kusikika nyumba tatu.

"Kaka yangu amepita njia ile miaka ishirini hajateleza! Leo anatelezaje? Amekutana uso kwa uso na msichana asiyejua kujificha, ndiyo maana. Na amemshika! Kwa mikono yake! Amemtembeza sokoni kama gunia! Mkamwana wa namna hii atatuulia mzee."

Tekla alikuwa kwenye kizingiti cha nyumba yake, ng'ambo ya kijito, anachambua maharage. Alisikia kila neno. Mika alikuwa kazini. Jailos alikuwa hospitali, na aliporudi kwa magongo alikuwa mtu wa kimya. Hata kukohoa aliacha. Maneno ya Shangazi yakaenda visimani, yakaenda sokoni, yakarudi yamenenepa. Agosti Tekla akafunga jembe lake.

Oktoba mtoto alizaliwa Kihesa. Mika alikwenda na nguo na sabuni. Alirudi siku ya nne peke yake. Baba wa Tekla alikuwa amempokea vizuri, amemlisha, amempa mtoto ampakate, kisha amemwambia, "Wewe ni kijana, sikugombezi. Rudi ukaniletee mtu mzima atakayejibu."

Ndiye huyu sasa, amesimama Ipogolo na kapu.

*

Njia ya kupanda mjini ni ya kukata pumzi. Tulisaidiana lile kapu. Kapu lilikuwa jepesi. Tusekile ndiye aliyekuwa mzito, alisimama kila baada ya hatua ishirini na kusema ni magoti. Tulivuka mji, tukauliza, tukaelekezwa, mpaka Kihesa, kwenye nyumba yenye ua wa minyaa na kibanda cha fundi viatu mbele.

Fundi mwenyewe alikuwa ndani ya kibanda, mtu mpana, mwenye misumari midogo kati ya midomo. Alikuwa akigonga soli. Aliinua macho, akaona ndizi, akaona kitambaa cheupe, akaelewa. Alitema misumari kiganjani mmoja mmoja.

"Karibuni. Mnatoka Mbeya."

"Ndiyo, baba. Mimi ni Mama Mika."

"Mimi ni Gideoni Kalinga." Akageukia nyumba. "Mama Tekla! Wageni!"

Mama Tekla alitoka akijifuta mikono. "Kamwene," alisema kwa Kihehe, kisha akakumbuka, akasalimu kwa Kiswahili. Kiswahili cha akina mama wale wawili kilikuwa cha kuazima, nao walikitumia kwa uangalifu, kama vyombo vya jirani. Tulipewa viti, tukapewa uji wa ulezi. Sisi wageni wengine tulitaka kuaga, Kalinga alikataa. "Barabara ya Dodoma imefungwa kwa mvua. Mnakwenda wapi? Kaeni. Mwenye jambo hana siri, na sisi hatuna."

Tekla alitoka na mtoto mgongoni. Alipiga goti, akamsalimu mama mkwe wake kwa mikono miwili, akamweka mtoto mapajani mwake, akaenda kukaa karibu na mama yake. Mtoto alikuwa wa kike, wiki saba, mwenye masikio ya Jailos. Tusekile alimtazama, akamnusa kichwani. Hakuthubutu kuuliza jina lake.

Kalinga alirudisha kiatu gotini, akaanza kugonga tena, polepole.

"Mama Mika, mimi si mtu wa maneno mengi. Binti yangu alimkuta mzee amevunjika mguu, akamwokoa. Daktari amesema hivyo. Sasa huku tumesikia kwamba kwa kazi hiyo ameitwa mtu asiye na adabu, mtu atakayeua. Ni kweli alisemwa hivyo?"

"Ni kweli."

"Na nani?"

"Na wifi yangu, Ikupa."

Nyundo iligonga mara tatu. "Wifi yako hayupo hapa. Sitamuuliza. Nakuuliza wewe. Siku hiyo ulikuwa wapi?"

Hilo ndilo swali alilolisafiria siku mbili. Tangu Chimala alikuwa ameliandalia majibu: kwamba alikuwa hospitalini na mgonjwa, kwamba wifi ni mkubwa kwake, kwamba mwanamke aliyeolewa hamjibu dada wa mumewe. Yote yalikuwa na ukweli kidogo. Alimtazama mtoto.

"Nilikuwa jikoni," alisema. "Nilikuwa nimetoka hospitali kuchukua chakula cha mgonjwa. Nilisikia yote. Nilikoroga mboga."

Nyundo ilisimama.

"Mboga yenyewe ilikuwa imeshaiva. Niliikoroga tu, ili nisitoke nje. Tangu Januari nilijua kosa liko wapi, nilijua hajaelezwa, na mwenye kumweleza ni mimi. Nilikuwa nacheka. Siku ya kusema nikakoroga mboga. Tekla mwanangu, kwa hilo sina mtu wa kumsingizia. Nisamehe."

Jogoo ndani ya kapu alijaribu kusimama, akaanguka ubavu.

Kalinga aligeuza kiatu gotini, akakigeuza tena. "Hilo ni jibu," alisema mwishowe. "Nilikuwa tayari kwa majibu mengine. Lakini bado kuna mzee. Yeye anasemaje? Aliyebebwa ni yeye."

Ndipo Tusekile akakitoa kitabu cha nyimbo, na ndani yake bahasha. Kama Jailos alikuwa ameandika maneno ya mwiko, kama alikuwa amekubaliana na dada yake, basi maneno mazuri aliyoyasema yalikuwa yamekwenda na maji, na bahasha ya kuyaharibu alikuwa ameibeba yeye mwenyewe.

"Amekuandikia," alimwambia Tekla. "Mimi sijui kilichomo."

"Ameniandikia mimi? Anaruhusiwa?"

"Mwanangu, sijui."

Tekla alijaribu kuifungua kwa kucha. Uji ulikataa. Baba yake alimpa kisu cha kukatia ngozi. Alikunjua karatasi mbili, akasoma mstari wa kwanza kimya, akainua uso. "Anasema isomwe kwa sauti, mbele ya baba na mbele ya Mama Mika, kwa sababu hata mke wake hajui." Akasoma:

"Kwa mwanangu Tekla. Salamu katika jina la Bwana. Mimi mzima, mguu unanikubali, natembea kwa fimbo moja.

"Desturi yetu inanikataza nisikutazame na nisiseme nawe. Nimewauliza wazee watatu kama inakataza barua. Wawili hawakujua. Wa tatu alisema barua ni karatasi tu. Basi naiambia karatasi.

"Siku ile nilikuona kwa mbali, una ndoo kichwani. Nilikohoa ili upite pembeni. Wewe ukaongeza mwendo kuja kwangu. Nikakohoa tena, ukakimbia. Nikaona wewe hujui kujificha, basi mmoja wetu lazima ajifiche, nikajificha mimi. Niliingia nyuma ya miti ya miwati. Nikasahau kwamba nyuma ya miwati ile kuna shimo, na shimo nililichimba kwa mikono yangu."

Tekla aliacha kusoma kidogo. Mabega yalikuwa yameanza kumtikisika.

"Endelea," alisema baba yake.

"Shimoni nilinyamaza ili upite. Kama ungepita ningekufa na heshima yangu yote. Lakini ulikuwa umesikia kikohozi, ukashangaa mwenye kikohozi yuko wapi, ukachungulia. Nilijifunika kofia usoni kama mwanamke. Hata kwenye toroli, wewe ulikuwa unaitoa nipate hewa, mimi nairudisha."

Mama Tekla alipiga makofi mara moja, akajifunika mdomo kwa upande wa kanga. Kalinga alikuwa ameinama sana juu ya kiatu, lakini hakuwa anagonga kitu.

"Walipouliza nilisema niliteleza. Nimekuwa mzee wa kanisa miaka kumi na tisa. Nitasemaje kwamba nilimkimbia msichana mwenye ndoo ya maji? Kuteleza ni uongo, na nimeutunza miezi saba. Wewe ulinisukuma barabarani mara moja. Uongo wangu umekuwa ukikusukuma mpaka leo. Hukunishtua. Hukuniona. Ulikuwa unakuja kunisalimu. Nisamehe.

"Dada yangu Ikupa nitamwambia mwenyewe siku barua hii itakapokuwa njiani, asije akaizuia. Mwambie baba yako kwamba nimejibu.

"Nikikohoa tena, usiingie ndani. Njoo unisalimu kwa namna ya kwenu. Mimi ni baba yako, Jailos."

Tekla alikaa chini pale pale, karatasi mapajani, akacheka huku machozi yakimtoka. Mama yake alikuwa ameshaanza zamani. Kicheko cha Kalinga kilitoka mwisho, kikubwa, kikatawanya misumari yake yote mavumbini.

Tusekile peke yake hakuwa anacheka.

"Miezi saba!" alisema. "Nimemkanda mguu ule miezi saba! Kila jioni namuuliza, Baba Mika, ulitelezaje mahali pakavu, naye anageukia ukutani! Mtu huyu! Nimelala naye kitanda kimoja! Nikifika nyumbani nitamvunja wa pili!"

"Usimvunje," alisema Tekla, akijifuta macho. "Nani atasukuma toroli?"

Hapo ndipo kicheko kilipomkamata Tusekile naye, na kilipomkamata hakikumwachia. Alicheka mpaka mtoto mapajani akaamka na kuanza kulia, akacheka akimbembeleza. Alipopata pumzi aliuliza, kwa sauti ndogo, "Anaitwa nani?"

Mama Tekla alimtazama binti yake kabla ya kujibu. "Hana jina. Tunamwita Kadada tu. Mimi nilikuwa na majina matatu, mama yake ameyakataa yote. Kila siku ananiambia jina la mtoto huyu litatoka Mbalizi."

Tekla aliinamisha kichwa na kuanza kuokota misumari ya baba yake. Alikuwa amengoja muda wote huo, kumbe, wala hakutaka kuonekana anangoja.

*

Hata hivyo hakusema kama atarudi. Jioni ile ilipita, kesho yake ikapita. Alimpikia mama mkwe wake ugali na mlenda, alimpeleka kanisani kumwonyesha kinanda, waliimba pamoja wakimenya viazi. Ndizi zile fupi ziligawanywa kwa nyumba saba, nusu nusu. Tusekile hakuuliza. Alisema amechoka kuharakisha mambo, na amechoka zaidi kuyachelewesha. Ameweka swali lake chini, mwenye kuliokota ataliokota.

Alhamisi asubuhi tulipotoka nje kunawa, kulikuwa na mkeka umekunjwa mlangoni. Juu ya mkeka kulikuwa na kitabu cha nyimbo. Na kando yake, limefungwa kwa kamba ya mkonge, limeegemea ukuta, jembe.

Tusekile alilitazama. Alikwenda nyuma ya nyumba, akakaa huko muda, akarudi amenawa uso.

Tulishuka wote Ipogolo. Basi la Mbeya lilikuwa likiunguruma, na utingo ni yule yule. Alirusha mkeka juu, akarusha kapu ambalo sasa lilikuwa na mahindi mabichi na viatu vipya vya Jailos, cha kushoto kimeinuliwa kisigino na Kalinga kwa ajili ya mguu uliofupika. Akanyoosha mkono kupokea jembe.

"Hili halipandi juu," alisema Tusekile.

"Mama, jembe halikai na watu. Litachafua abiria."

"Lichafue."

"Nitakutoza tiketi ya jembe!"

"Toza, mwanangu. Lina kiti chake."

Watu walicheka. Aliingia, akakaa dirishani, akalilaza jembe juu ya magoti na mikono yote miwili juu ya mpini. Tekla alikaa kando yake na mtoto asiye na jina bado. Mama Tekla alipitisha mkono dirishani, akamshika mtoto mguu mpaka basi lilipoanza kusogea.

"Mwambie mzee," Kalinga alipaza sauti juu ya injini, "akikohoa, akohoe kwa adabu!"

"Jumapili ya mwisho!" Tusekile alijibu. "Tutasimama kumi na tatu mbele! Mtuombee!"

Basi lilivuka daraja, likashika njia ya Mbeya, matairi yakitupa tope huku na huku. Tulilitazama likipinda. Barabara ya Dodoma ilikuwa bado imefungwa, na hatukuwa na pa kwenda. Mama Tekla alifunga kanga yake upya. Kalinga alifunga mikono mgongoni, akageuka kuukabili mlima.

"Twendeni," alisema. "Nina viatu vya watu."